Paa la Darasa la Tano

Jumatatu, 2 Oktoba 1978

Kamati ya shule imekaa leo. Mwenyekiti ni mimi, Shilinde. Hakuna aliyepinga, na angepinga nani? Nilisoma mpaka darasa la tatu la mkoloni, ambalo ni sawa na la kumi la siku hizi. Waulize waliokuwepo.

Bwana Audax, afisa elimu, alifika na Land Rover kutoka wilayani. Mhaya mpole, suruali ina mkunjo wa kukatia nyama. Akatuambia jambo kubwa: shule yetu, ambayo miaka yote inaishia la nne, inaweza kupewa darasa la tano mwezi wa kwanza. Sharti ni moja. Paa. Paa letu la nyasi limeoza, kila mvua ikinyesha watoto wanahama na madaftari kichwani.

Mwalimu Mkuu wetu, Desderius, Mhangaza wa Bugarama kule Ngara, aliomba bati. Bwana Audax akakuna sikio. Alisema bati za wilaya ni chache, zinakwenda kwanza kwa shule zisizo na paa kabisa. Ninyi mna paa. Desderius akasema hili si paa, ni chujio. Bwana Audax akasema chujio au si chujio, wilayani linahesabiwa paa.

Watu wamecheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namfikiria Nshoma, binti wa dada yangu Ng'washi. Alimaliza la nne mwaka jana, akarudi kuchunga mbuzi. Darasa la tano la karibu liko ng'ambo ya pori, na mama yake, mjane, amekataa katakata mtoto kuvuka pori lenye simba. Mwalimu anasema mwakani umri ukipita hawamwandiki tena popote. Ana akili yule! Zangu kabisa.

Nimemwambia Ng'washi leo hii: mwezi wa kwanza Nshoma yuko darasa la tano. Ameniuliza, "Kaka, ni wewe unasema au ni serikali?" Nikamwambia huku kwetu ni kitu kimoja.


Jumatano, 4 Oktoba

Nimepata! Akili imenijia nikiwa nanyoa ndevu.

Shule zisizo na paa ndizo zinapewa bati. Basi sisi tusiwe na paa! Tunaezua nyasi zote, Bwana Audax anakuja anakuta ukuta na mbingu, anaandika "haina paa", lori la bati linakuja. Rahisi kama kumwambia ng'ombe anywe maji.

Nilimkuta Desderius ubaoni. Nilipomweleza, chaki ikamvunjikia mkononi. Akauliza, na lori lisipokuja? Nikamwambia Mwalimu, wewe ni mtu wa vitabu, hujui serikali. Mimi nimeongea na mabwana shauri wa mkoloni nikiwa kijana, Bwana Shauri wa Shinyanga alikuwa akiniita kwa jina, akiona nimepita anaacha chai.

Akasema tumuulize kwanza Afisa. Sawa. Tulipanda lori la chumvi mpaka wilayani. Bwana Audax alitusikiliza, akainuka akafunga dirisha. Alisema yeye hajasikia lolote. Halafu akasema: nikikuta hakuna paa, nitaandika hakuna paa, siwezi kuandika uongo. Akatushika mikono kwa nguvu, mmoja mmoja.

Huo ndio ushirikiano! Wilaya na shule, kidole na pete.


Jumamosi, 7 Oktoba

Siku ya sifa. Kijiji kizima kilitoka. Niliagiza ngoma ya kulimia, vijana wakapanda juu kwa mdundo, nyasi zikashuka kwa mdundo. Nyoka watatu walitoka darini. Mmoja nilimshika mkia nikamzungusha akaangukia kwa Bulugu! (Alikuwa mdogo. Lakini alikuwa nyoka.)

Bulugu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ng'ombe wengi na mdomo mrefu. Alisimama na fimbo yake akasema, "Shemeji, nimeona watu wanaomvua mgeni kanzu ili apewe suti. Sijaona suti." Watu wakaangua kicheko. Nikamjibu kuwa yeye ng'ombe wake ndio wangefaa kusoma, wana utulivu.

Kulikuwa na jambo moja la kubishana. Desderius alitaka nyasi nzuri zirundikwe kando, zifunikwe. Nikakataa. Afisa akizikuta atasema tuna paa, limelala tu. Tena tanuru la matofali ya nyumba ya mwalimu lilikuwa limepangwa, linangoja moto. Basi nyasi zote zimekwenda tanuruni. Zimewaka vizuri sana. Desderius alisimama akitazama moshi kama mtu aliyefiwa. Mwalimu ana woga wa kuzaliwa nao.


Jumanne, 10 Oktoba

Bwana Audax amekuja. Alisimama mlangoni, akatazama juu. Mbingu safi kama sahani. Akasema, "Hakuna paa." Akaandika. Akaniambia kwa sauti ya chini lori letu litakuwa la mwisho wa mwezi, bati zimekwisha tengwa kwa jina la shule.

Kwa jina la shule! Nimemwambia Ng'washi. Amepiga vigelegele peke yake uani. Nshoma akanipigia goti, "Shikamoo mjomba," mara ya pili asubuhi hiyo hiyo. Marahaba, mwanangu, marahaba.


Ijumaa, 20 Oktoba

Mawingu. Manyunyu kidogo jioni. Desderius anafundisha asubuhi tu, kabla jua halijawa kali. Watoto wamejifunika majani ya migomba kichwani, wanapendeza, kama bendi. Nimewaambia wavumilie, mimi nikiwa na umri wao nilisoma ndani ya mto. Maji kifuani, ubao umefungwa kwenye mti.

Hawakucheka kama zamani.


Jumanne, 31 Oktoba

Redio ya Desderius imesema majeshi ya nduli yameingia nchini, kule ng'ambo ya mto Kagera. Wameshika ardhi yetu. Wanachoma, wanaua, wanachukua ng'ombe.

Watu walijaa kwa mwalimu mpaka miti ya uzio ikavunjika. Kina mama wenye ndugu huko juu walilia.

Nimesema mbele ya wote kwamba nduli nitamshika mimi kwa mikono, nilikuwa KAR, jeshi la Mwingereza, nilipigana Bama. Mke wangu akanitazama. Anajua mwaka wa Bama nilikuwa nauza mayai Kahama. Lakini wakati wa vita watu wanahitaji kusikia kitu.

Mwisho wa mwezi ndio leo. Lori halikuja.


Jumapili, 5 Novemba

Vita imetangazwa kabisa. Barabara ya Lusahunga usiku na mchana ni malori. Ya watu binafsi, ya pamba, ya serikali, yote yamechukuliwa. Yamejaa askari na mgambo, wanaimba. Tuliwapelekea mihogo ya kuchemsha na maji. Nimesimama kandokando nikitazama kila lori linalopita kama lina bati.

Mtu mzima, mwenye wajukuu, natafuta bati katikati ya bunduki. Aibu. Lakini nimetafuta.

Vijana wetu wa mgambo wamekwenda, pamoja na mwalimu wa la kwanza na la pili. Nami nilijitokeza. Kijana wa kuandikisha aliniambia, "Baba, wewe lisha taifa." Nikalisha taifa. Mihogo.


Jumatano, 8 Novemba

Tumefika wilayani kwa baiskeli, mimi na Desderius, tukipokezana kukanyaga. Ofisi zimegeuka ghala la mablanketi. Bwana Audax mwenyewe anapokea mahindi ya jeshi, suruali haina mkunjo tena. Amekonda.

Alituambia ukweli wote, simlaumu. Lori letu lilikuwa limekwisha pakiwa. Asubuhi ya kuondoka walikuja wanajeshi, wakashusha bati, wakapandisha watu. Bati zilichukuliwa na lori la nyuma, zimekwenda mbele, za kuezeka hospitali ya majeruhi au mahandaki, hajui. Hakuna wa kumuuliza. Angeuliza nini? Askari anaumwa na jua, mimi nadai bati za shule?

Desderius akauliza: na darasa la tano? Bwana Audax akafumba macho. Amesema barua ya mkoa bado ipo. Mwezi wa kumi na mbili atazungukia shule zote zilizoomba, na safari hii kinachotakiwa ni kinyume. Shule isiyo na paa haipewi darasa jipya.

Nikamwambia, Bwana Afisa, si wewe uliyeandika mwenyewe hatuna paa?

Akasema, "Ndiyo, Mzee Shilinde. Na mliniomba niandike."

Njiani kurudi Desderius hakusema neno mpaka pori likaisha. Afadhali angenitukana. Mhangaza akikaa kimya unasikia kila jiwe chini ya gurudumu.


Ijumaa, 10 Novemba

Nimekwenda kutafuta nyasi. Hakuna nyasi! Mtu atasema nchi hii yote ni nyasi. Ya kuezekea ni ile ndefu ya kiangazi, iliyokauka imesimama, na hiyo wachungaji waliichoma yote mwezi wa tisa ili ng'ombe wapate majani machanga. Kila mwaka tunachoma. Mimi mwenyewe nilichoma upande wa kisima. Sasa ni kijani kote, laini, inafika kifundo cha mguu. Ukiezeka na hiyo ni sawa na kuezeka kwa mchicha. Ndefu nyingine ni mpaka mwezi wa sita mwakani.

Bulugu alinikuta porini na mundu. "Shemeji, shule yako imefumbua macho, inaona mbingu. Unataka kuifumba na nini?" Nikamwambia vita ikiisha nitaezeka kwa bati za Kampala, kuna mkubwa mmoja jeshini tunaandikiana.

Akasema, "Haya. Mwambie alete na misumari."


Alhamisi, 16 Novemba

Mvua. Mvua haswa, ya kumwaga.

Ukuta wa mashariki umeanguka. Matofali mabichi, hayakuwahi kuonja moto, yalikuwa yanalindwa na nyasi zile tu. Yaliyochomwa ni yale ya nyumba ya mwalimu, yamerundikwa pale pale kando, mekundu, magumu, yanang'aa kwa maji. Tumechoma paa la shule ili kuivisha matofali ambayo si ya shule.

Watoto walikuwa wamekwisha ondoka. Mungu ni mkubwa, la sivyo leo ningekuwa naandika mengine.

Nilikaa chini ya mti wa mbali nikitazama udongo unavyolegea, kama ugali wa maji. Sikuwa na kisa cha kusimulia. Hata kimoja.


Jumamosi, 25 Novemba

Tumerudishia ukuta kwa yale matofali mekundu. Desderius ndiye aliyesema, nyumba yangu isubiri. Watu waliokuja kufanya kazi walikuwa wachache, wengi wanasomba mahindi ya jeshi. Ngoma haikupigwa. Nani apige, wapigaji wako vitani.

Niliomba tutumie ghala la pamba la kijiji, lina bati. Mwenyekiti wa kijiji akanionyesha: mahindi ya vita mpaka darini, magunia yamebana mlango.

Mwanamke mmoja ameniambia njiani, bila shikamoo: nyasi zile zilikuwa zinavuja, lakini zilikuwepo. Nimejibu kwamba kuezua ilikuwa kauli ya kamati. Ni kweli, ni kauli ya kamati. Kamati ilinyoosha mikono yote.

Sipiti tena njia ya kwa Ng'washi. Nazungukia bondeni.


Jumatatu, 4 Desemba

Ujumbe wa mdomo kutoka wilayani: Bwana Audax anakuja Ijumaa. Ukaguzi wa mwisho wa darasa la tano.

Desderius ameweka boriti na fito, kwa mkono wake, na kamba za magome ya miyombo. Mifupa ya paa ipo, nyama hakuna. Alinisomea hesabu ya watoto watakaoingia la tano kama litakuwepo, akalitaja jina la Nshoma la kwanza. Sijui alifanya kusudi.

Nimelala mchana. Sijawahi kulala mchana, mimi ni mtu niliyewahi kulima siku nne bila kukaa. Mke wangu alidhani ni homa.


Jumatano, 6 Desemba

Nashindwa kuandika vizuri, mikono imejaa vibanzi.

Asubuhi niliitwa. Njoo kwa dada yako, amepagawa. Nikakimbia. Ng'washi alikuwa juu ya nyumba yake. Juu! Kitenge amekifunga kiunoni kama suruali, anaezua. Nshoma yuko chini, anapokea nyasi, anafunga mafungu, kavu huku, zilizooza kule.

Nikapiga kelele: we Ng'washi, shuka, umerogwa? Mvua hii utalala wapi?

Akasema, bila kunitazama, "Jikoni. Jiko ni dogo, sisi ni wawili."

Nikamwambia hii ni aibu kwangu, mimi ni kaka yako, mwenyekiti wa kamati, nitatafuta nyasi.

Akasema, "Kaka, usiseme kitu. Panda."

Nikapanda. Miaka hamsini sijaamrishwa na mwanamke, na nikapanda.

Nyasi za miaka minne, moshi umezikausha, nyingine zinakatika ukizigusa. Jioni tulizipeleka shuleni kichwani. Nilidhani kijiji kikiona kitatoka, kila mtu na fungu lake. Nitasema ukweli, walituona. Walisimama milangoni. Mmoja alisema pole. Nani aezue nyumba yake kwa mvua hii, kwa maneno ya Shilinde? Mimi nisingeezua.

Bulugu hakusimama mlangoni. Alileta ngozi mbili za ng'ombe, akazitupa kwenye kizingiti, akaniambia kwa ukali, "Za dada yako, si zako." Akaondoka bila mzaha. Ingekuwa nafuu angetania.


Alhamisi, 7 Desemba

Tumeezeka, mimi na Desderius. Chumba kimoja tu, cha darasa la tano. Nyasi zimeishia kabla ya pembe ya kaskazini. Tumetandaza ngozi za Bulugu, zikafunika sehemu, na pamebaki upenyo, upana wa ungo. Nimeujaza majani ya migomba na nyasi mbichi, nikafunga kwa kamba. Kwa chini huwezi kujua. Tunaojua mahali penyewe ni mimi na Desderius, na Nshoma aliyekuwa anatupa kamba.

Ng'washi analala jikoni na mbuzi.


Ijumaa, 8 Desemba

Naandika nikiwa darasani, daftari magotini. Bwana Audax anadhani naandika kumbukumbu za kikao.

Amekuja kwa baiskeli, matope mpaka kiunoni. Alizunguka nje, akaingia, akatazama juu kwa muda mrefu. Ameziona ngozi. Akauliza nyasi hizi zimetoka wapi wakati huu wa mwaka. Desderius akanitazama, mimi nikasafisha koo nianze kisa. Nilikuwa nacho, kizuri, cha pori na nyati. Lakini Ng'washi alikuwa amekaa mlangoni. Nikasema, za nyumba ya dada yangu.

Bwana Audax akavua kofia. Halafu akasema, kwa upole ule wake: mara ya kwanza niliandika nilichokiona, na leo nitaandika nitakachokiona. Mkoa wamenionya, kuna shule ziliandikwa zina paa, watoto wakaumia. Mvua ile inakuja. Tukae humu wote mpaka ipite. Nikitoka mkavu, darasa la tano lipo.

Desderius akasema ni haki. Na ni haki! Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Basi tumekaa. Watoto walioletwa kwa ajili ya la tano wako kwenye matofali, magoti pamoja. Bwana Audax amewekwa katikati, kwenye kiti cha mwalimu. Kisha akaona giza hapo katikati, akasogeza kiti chake kaskazini, karibu na dirisha, apate mwanga wa kuandikia. Kaskazini! Desderius amefungua mdomo, ameufunga. Nami nimefungua. Ningesema nini? Bwana, usikae hapo?

Upepo umepita. Fito zimelia. Mvua imefika kwa Bulugu, naisikia kwenye migomba yake. Sasa iko kwenye uwanja wa mpira.

Inapiga. Kwenye nyasi haina sauti, ni kama mtu anapumua. Kwenye ngozi ni ngoma. Kote kukavu bado. Ng'washi amefumba macho.

Nshoma ameinuka. Hakuna aliyemwambia. Ameomba ruhusa ya Mwalimu kuhama, ameruhusiwa, amepita kati ya wenzake na tofali lake mkononi. Ameliweka pembeni kabisa ya kiti cha Bwana Audax, chini ya upenyo wetu. Amekaa kitako wima, bega linagusa kiti.

Tone la kwanza limemwingia kwenye nywele. Hakutikisika.

La pili.

Bwana Audax bado anaandika. Kola ya Nshoma imeanza kulowa, maji yanamshuka mgongoni, naye anatazama ubao kama kuna kitu kimeandikwa. Mvua inazidi. Bwana Audax ameinua kichwa, anageuka upande wake—